Livu ya Mama Vifungo

Mama Vifungo, mshonaji wa kiwanda cha sare, aliandika barua ya kuomba ruhusa ya siku nne. Binti yake alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na hakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono. Barua ilirudi saa mbili na robo asubuhi, akiwa amebana vifungo sita kwa midomo. Pembeni, meneja, aliyekaa ng'ambo miezi mitatu akarudi amesahau lugha iliyomlea, alikuwa ameandika neno moja la Kiingereza: LEAVE.

"Livu!" Mama Vifungo akavitema vifungo. "Miaka kumi na moja, leo nimepewa livu!"

Karani aliyeketi karibu akakuna kichwa. "Polepole, mama. Neno hili ni kinyonga. Ni likizo. Pia ni ondoka."

"Si ndiyo hiyo, niondoke niende likizo?"

"Ondoka usirudi."

Akachomoa kamusi aliyokuwa ameikalia. La likizo, akasoma, lina undugu na neno la kale la kupenda. La kuondoka lilizaliwa likimaanisha kubakiza. "Na ukiongeza herufi moja mwishoni, ni majani."

"Neno moja, vichwa vitatu! Hebu kamuulize bosi alikusudia lipi."

Meneja alikuwa hakumbuki, lakini mkubwa hakiri kwamba amesahau. "Neno liko wazi," akasema. "Akae mashineni asubiri ufafanuzi."

Mama Vifungo akakaa. Kufikia mchana jani la kwanza lilikuwa limechomoza kwenye kiwiko chake. Siku ya pili mizizi ilitoboa kandambili ikazama kwenye saruji. Msimamizi alilalamika tu kwamba majani yanachafua mashati. Simu ilipoita, jirani yake wa mashine akamwekea sikioni.

"Mama, uchungu umeanza. Umefika wapi?"

"Nimepewa livu, mwanangu. Ila hatujajua ni ipi."

Meneja akakipenda kivuli cha majani hayo, akahamishia kiti chake hapo. Vidole vya Mama Vifungo havikuota kitu, kwa hiyo aliachiwa sindano. Ufafanuzi haukuja. Ili daftari lisiwe na pengo, karani akaandika kwamba yuko likizo, akamkata siku zake zote za likizo ya mwaka.

Wiki iliyofuata binti alifika getini na kichanga kifuani.

"Mama yako yuko livu," mlinzi akamwambia.

"Mbona namwona pale dirishani, anashona vifungo?"

"Dada, hapa tunafuata maandishi. Rudi akimaliza livu."