Picha za Jana Kasanga

Alfajiri mdogo wangu Fabiani alinipigia simu: "Dada Rhoda, mama anaumwa kidogo. Njoo Kasanga." Hilo "kidogo" ndilo lililonitia hofu. Kwetu msafiri haambiwi kifo. Anaambiwa ugonjwa mpaka afike.

Kwenye basi kutoka Sumbawanga nilikaa na mpiga picha aliyetoka Kasanga jana jioni na sasa akirudi hukohuko. Alikuwa na kimashine chenye kioo, anachohifadhia picha zake zote akiwa safarini. Aliponiona natazama simu kila mara, akanipa nitazame harusi aliyopiga Jumamosi.

"Bonyeza hapa tu, dada."

Nikaona bibi harusi, keki, wapambe. Harusi ikaisha, nami nikaendelea kubonyeza. Likatokea turubai, na nyuma yake mlango wa kijani wa nyumba yetu. Kwenye picha iliyofuata Fabiani, mwongo mkubwa yule, alikuwa ameshika msalaba mpya wa mbao. Sikutaka kulisoma jina, lakini macho yalikwishalisoma: Hellena, mama yangu.

Simu ikaita.

"Umefika wapi, dada? Mama anakuulizia."

"Mpe simu," nikasema.

Nyuma ya Fabiani nilisikia watu wakiimba nyimbo za msiba.