Kigae cha Pili Kutoka Mlangoni

Mtaa mzima ulimwita Sikio, na hata mkewe alishasahau kumwita jina lingine. Alikuwa fundi bomba, lakini si wa kufunga masinki tu. Maji yakianza kupotea chini ya sakafu, mita inazunguka na koki zote zimefungwa, ukuta unalowa na hakuna ajuaye bomba limepasukia wapi, hapo ndipo alipotafutwa yeye. Alikuja na kipande cha nondo kilichosuguliwa ncha mpaka kikang'aa. Alivua viatu, akaomba watu wanyamaze, akapiga magoti, akasimamisha nondo juu ya kigae na kutega sikio la kulia kwenye ncha ya juu. Alihama kigae hadi kigae, mpaka asikie maji yanavyochuruzika kule chini. Akishasikia, alipapiga pale kwa kiganja mara mbili, taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto, na mwenyewe hakujua kwamba ana tabia hiyo. Kisha alivunja kigae kimoja. Kimoja tu, na bomba bovu lilikuwa hapo hapo.

Haya, niambie wewe, kazi hiyo ni bei gani? Yeye alitoza elfu sitini, sawasawa na fundi mwingine atakayekuvunjia nyumba siku mbili nzima. Na kila mara zilikuwa kelele zilezile: nusu saa tu, umeinama tu, hata jasho hujatoka. Hakuna aliyemuuliza ilimchukua miaka mingapi kujifunza kuinama vile, wala magoti yake yanaamkaje asubuhi, wala watoto wake walikula nini zile wiki ambazo simu haikulia. Wenye magari mlangoni ndio walikuwa wabishi kuliko wote. Alikubali kupunguziwa, akameza mate, akaenda zake, na kinyongo kikawa kinajaa kidogo kidogo.

Sasa dada yake mkubwa. Huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, aliacha shule akashika cherehani, na kwa cherehani hiyo akamsomesha mdogo wake ufundi. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya vigae vyekundu vyenye ua jeupe katikati. Alivinunua kwa miaka minne, boksi moja leo, jingine akimaliza kushona sare za shule, mpaka korido, sebule na jiko vikatimia. Kiwanda kilichovitengeneza kilishafungwa zamani. Kila asubuhi alivipiga deki kwa mkono wake kabla ya kwenda kushona, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsaidia.

Mumewe, yaani shemeji yake Sikio, alikuwa karani mstaafu. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuandika nani kaingia kazini saa ngapi na nani katoka saa ngapi, naye akilipwa hata siku alizosinzia juu ya daftari lenyewe. Alikuwa mkono wa birika, ndiyo, lakini si mtu mbaya. Kazi kwake ilikuwa saa, basi.

Jumatatu asubuhi Sikio aliitwa, maana mita ya dada ilikuwa inazunguka bure. Aliinama na nondo yake sebuleni, akaja koridoni, akafika mlango wa jiko. Pale, kwenye kigae cha pili kutoka mlangoni, kiganja kikapiga chini mara mbili. Dada yake alikuwa amesimama karibu, kikombe mkononi. Aliona, akatabasamu, akachukua mkoba wake akaenda kazini moyo mweupe.

Sikio alisimama akamtajia shemeji bei. Kwa kuwa ni kwa dada, alisema arobaini. Shemeji akatazama saa yake ya mkononi.

"Dakika kumi na nane," alisema. "Shemeji, hakuna kazi ya dakika kumi na nane inayolipwa elfu arobaini. Huo ni wizi, hata kama mwizi ni ndugu."

Jirani aliyekuja kuazima ngazi alikuwa pale mlangoni, akacheka. Lile neno lilimkata Sikio maini. Wateja walishamwita ghali, walishamwita mjanja, lakini mwizi, tena ndani ya nyumba ya dada yake, hapana. Na kwa vile alikuwa hajasema bado bomba limepasukia wapi, shetani akampitia.

"Basi nilipe kwa siku," alisema. "Thelathini kwa siku, mpaka nilipate."

Shemeji alifurahi kweli. Akamwambia sasa unaongea kama fundi, akaenda kumvutia stuli.

Sikio akatoa tindo na nyundo, akaanzia mwisho wa korido, mbali kabisa na jiko. Alivunja kwa hasira, na kwa kila kigae kilichopasuka alikuwa anamjibu shemeji, na jirani, na wote waliowahi kumpunguzia. Shemeji alimletea maji ya kunywa na taulo la kufutia jasho, akamsifu kwa bidii yake. Hebu fikiria, watu wazima hawa. Wala hapo katikati Sikio hakukumbuka sakafu ni ya nani.

Jioni dada yake alirudi, akasimama mlangoni, akaitazama korido. Sikio alikuwa ameandaa majibu, lakini dada hakugomba. Alimuuliza kwa upole kama safari hii hakuyasikia maji vizuri. Sikio akajibu kwamba maji hujificha. Dada akavua viatu, akapita juu ya vifusi kwenda jikoni, akapika.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya sebule. Jioni dada akaja tena na upole uleule, ila sasa alikuwa anasema naye kwa sauti kubwa, neno moja mara mbili, tena akizunguka upande wake wa kulia kwanza. Sikio akadhani amekasirika anajikaza. Akajiambia kesho namaliza, atatulia.

Siku ya tatu dada hakwenda kazini. Alikaa kwenye kiti jikoni, mkoba mapajani. Sikio aliona siku tatu zinatosha, hamu yake ya kumkomoa shemeji ilikuwa imeisha na mikono ilikuwa inauma. Akaingia, akapiga goti kwenye kigae cha pili kutoka mlangoni, akavunja hicho kimoja, na maji yakamrukia usoni. Ndani ya nusu saa alishaunga bomba. Shemeji akahesabu elfu tisini kwa roho safi, akaenda mwenyewe kwa jirani kumwambia kwamba fundi ni huyu, hana longolongo, anatoka jasho.

Dada alimsindikiza hadi getini. Hapo akafungua mkoba, akamwonyesha bahasha.

"Jumatatu nilikiona kiganja chako pale mlangoni," alisema. "Nilipokuta umevunja korido, nikasema sikio la mdogo wangu limekufa. Nimelia kwenye cherehani mbele ya wateja. Hizi ni hela za daktari, nimekopa."

Sikio akauhamishia mfuko wa vifaa bega la pili.

"Leo hukutoa hata nondo kwenye mfuko," dada akasema. "Umekwenda moja kwa moja."

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo hakuwahi kuvunja bila kutega sikio kwanza, na siku hiyo alisahau kuigiza. Alitia mkono mfukoni, akatoa zile elfu tisini zote, akamnyooshea. Alitaka kumwambia alivyoitwa mwizi, na kwamba hakuwa amemlenga yeye. Dada aliitazama ile hela, hakuigusa.

"Hizo zako," alisema. "Umezitolea jasho."

Akarudi ndani. Sikio alibaki getini na mfuko wa vifaa begani, na kutoka huko ndani akaanza kusikia ufagio, na vipande vya vigae vikidondoka ndani ya ndoo, kimoja kimoja. Alivisikia vyote, maana sikio lake lilikuwa zima kabisa.