Kisiwa cha Salamu

Mimi Tatu binti Nassibu, balozi wa nyumba kumi hapa Chemchem, mjini Tabora, nalisema bila kuzunguka: Josepha alivunjika mguu kwa sababu yangu. Mwaka ule wa 1971 ubalozi ulikuwa bado mpya kwangu, na nilikuwa nimeota pembe kidogo. Kila Jumamosi akina mama wa kijiji cha Ntalikwa wakija sokoni na viazi vyao, tulikutana katikati ya njia panda, na salamu zikaanza papo hapo. Si salamu za kupungiana mkono. Mnyamwezi anapiga goti, anapiga makofi, anauliza watoto, mvua, mpaka mbuzi, na wewe unayesalimiwa unasimama unapokea. Wazee walituambia hapo ndipo wapagazi wa misafara walipotua mizigo na kupeana habari. Nasi tukaendelea hivyo hivyo, kana kwamba malori hayajazaliwa.

Jumamosi moja Josepha, mmoja wa akina mama hao wa Ntalikwa, alipiga goti barabarani, akanipa salamu ya asubuhi kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu." Ningeweza kumwambia ainuke tukaongee pembeni. Sikumwambia. Nilitaka watu wa mjini waone ninavyoheshimiwa. Lori lililosheheni tumbaku likakata kona. Mimi niliruka, yeye hakuwahi.

Alilazwa hospitali ya Kitete miezi miwili. Nilimpelekea uji kila asubuhi, na hakunilaumu hata siku moja, jambo lililoniuma kuliko matusi. Alitoka na gongo, akaambiwa arudi kliniki kila Jumamosi.

Ndipo akaja Bwana Hilari, ofisa wa barabara, kijana wa suruali iliyonyooka kwa pasi, kutuarifu kwamba njia panda itafungwa kwa waya. Waendao kwa miguu wazungukie kule relini. Kuzunguka huko ni mwendo wa saa nzima kwa mwenye miguu yake miwili, sembuse Josepha.

"Bwana Hilari," nikamwambia, "unataka watu wa Tabora wapitane kama kuku?"

"Nataka wapitane wakiwa hai, mama. Mmeifanya barabara baraza."

Alisema kweli, ndiyo maana nilikasirika. Nikamwomba majuma mawili nijaribu jambo. Akasema nijaribu, lakini akirudi akamkuta hata mtu mmoja amesimama njiani mwa magari, waya unafungwa siku hiyo hiyo.

Nikaita nyumba zangu kumi. Omari, fundi mwashi, akashauri tuwakataze watu kusalimiana. Tulimcheka, naye akajicheka, maana salamu zake mwenyewe haziishi mpaka chai ipoe. Basi kama watu lazima wasimame katikati, tuwape mahali pa kusimama. Tulijenga kisiwa: ukuta wa matofali ya kuchoma unaofika gotini, ndani changarawe iliyoshindiliwa, upana wa mikeka miwili. Tukaacha mwanya kila upande, mwenye gongo asilazimike kupanda, kisha tukaupaka ukuta chokaa ukang'aa. Matofali yaliletwa na watu wa Ntalikwa kwa mikokoteni ya ng'ombe. Shehe wetu na katekista wao walichota mchanga kwa beleshi moja, wakipokezana. Hatukungoja mtu atuletee maendeleo kwenye sahani. Njia ikabaki nyembamba pande zote mbili, na dereva asiyepunguza mwendo angeacha bampa yake pale.

Jumamosi ya pili Bwana Hilari akasimama pembeni na daftari lake. Josepha akatokea na gongo. Na lori lilikuwa linakuja. Dereva akaona ule weupe, akakanyaga breki, akajivuta polepole kama mtu anayepita msibani. Josepha alikuwa ameshaingia kisiwani.

Akiwa humo akamwona ofisa. "Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Shikamoo, mama. Wa Ndala."

"Marahaba. Ndala kwa nani?"

Bwana Hilari akasogea ili asikike, akavuka, akaingia kisiwani. Kumbe zamani Josepha alilima shamba moja na Apolinaria, bibi yake Bwana Hilari. Basi mambo yakawa mengi: nani kaolewa, nani kazikwa, mtama umekuwaje. Malori matatu yakapita, na daftari likabaki kwapani halina hata nukta.

"Bwana Hilari," nikaita kutoka ng'ambo, "hebu angalia umesimama wapi."

Akajitazama. Chokaa imemjaa kwenye suruali. Akaanza kucheka, mabega yakatikisika, watu wote wakaangua kicheko naye. Kisha akauliza kwa sauti ya unyenyekevu, "Mama balozi, na ile njia panda ya stesheni, mngeijengaje?"

Nilijisikia fahari mpaka machozi yakanilenga. Ofisa aliyesoma anauliza Chemchem na Ntalikwa! Lakini sikuwahi kujibu. Josepha alimgonga kiatuni kwa gongo.

"Hayo baadaye. Hujaniambia, bibi yako hajambo?"

Nilikwenda kumshika Josepha mkono avuke upande uliobaki. Akaukataa, akamtazama usoni dereva aliyekuwa anakuja mpaka gari likasimama, akaenda zake kliniki.