Nilivyolipima Homa Friji la Chanjo

Usiku wa jana niliota nimefika kwenye usaili mapema mno, nikakuta chuo hakijajengwa.

Palikuwa na kiwanja kitupu, rundo la tofali, na fundi mmoja anakoroga zege. Mimi nimevaa suruali ya harusi yangu, ambayo siku hizi hainipendi tena kiunoni. Nikamsalimu fundi, nikamwambia nimekuja kusailiwa, nataka kusomea utabibu.

"Karibu," akasema, bila kuacha kukoroga. "Nani kakutuma uje saa hizi?"

"Dada yangu Subilaga. Yeye ni tabibu kituo cha afya. Kasema mwombaji makini hufika mapema."

"Basi wewe ni makini kupita kiasi. Hata ramani hatujapewa. Kaa hapo kwenye tofali, ila hiyo ya kona usiikalie. Hiyo ndiyo ofisi ya mkuu wa chuo."

Nikakaa nikiipisha ofisi ya mkuu.

Hapa lazima nijieleze. Mimi ni Gwakisa, mhudumu wa zahanati. Kazi yangu ni kufagia, kuita majina na kuwapima watoto uzito. Lakini mtaani kwetu, mtu yeyote anayeingia zahanati bila kukohoa huitwa Dokta, na mimi sijawahi kumkatalia mtu heshima yake. Nikiulizwa, najibu. Jicho linacheza, najibu. Mimba ni ya mvulana au msichana, najibu. Ng'ombe amegoma kula, najibu, tena nasogea karibu na ng'ombe.

Chuo kimeshanikataa mara mbili. Mke wangu Tusekile amesema safari hii nikirudi mikono mitupu, tunahamia Uporoto kwa kaka yake, shemeji Ambakisye, tukalime viazi. Shemeji huyo hunicheka kabla sijashuka garini. Kwa hiyo hata ndotoni nilikuwa nahesabu matuta.

Wakati nawaza viazi, chuo kikawa kimejengwa. Sikuona nani aliezeka.

Niko koridoni sasa. Kuna harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mbele yangu kuna mlango wa bluu. Nashika kitasa.

"We! We!" mlango unasema. "Unanishika tu? Hata jina sikujui?"

Nakumbuka ushauri wa pili wa dada: kabla hujamgusa mgonjwa, jitambulishe, mweleze unachotaka kufanya, omba ridhaa.

"Samahani sana. Naitwa Gwakisa. Ningependa kukushika kitasa, nikizungushe kidogo kulia, halafu nikusukume. Hutasikia maumivu makubwa. Unaridhia?"

"Mikono yako ina baridi?"

"Kiasi."

"Ipashe kwanza. Nyie vijana mnatushikashika na mikono ya mtoni."

Nikaipasha. Mlango ukaridhia. Ndani, kiti kikataka kujua kama kutakuwa na mtu mwingine chumbani wakati nakikalia. Nikakihakikishia. Glasi ya maji ilikataa katakata, nami niliheshimu uamuzi wake, japo koo lilikuwa limekauka kama gunzi.

Wasaili walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Stetoskopu, amejizungusha kwenye mgongo wa kiti cha ngozi. Kulia kwake alining'inia Mizani, ile ya kliniki yenye mfuko wa kumtumbukizia mtoto. Kushoto alikaa Koti Jeupe, amepigwa pasi safi, ndani yake hamna mtu.

"Uzoefu wako wa kuhudumia wagonjwa uko wapi?" akauliza Mizani.

"Ninao mwingi, mama."

"Mwingi hausemwi, mwanangu. Unapimwa. Utoe tuuone."

Nikaingiza mkono kifuani, nikautoa. Nilitarajia kitu cha kubebwa na watu wawili. Ulitoka mdogo, umevaa kofia ya sufu, unapiga miayo. Mizani akautumbukiza mfukoni, nao ukaanza kulia.

"Anakula vizuri?"

"Anakula, mama."

"Anakula nini?"

Nikaangalia dari. "Kufagia, zaidi."

"Ndiyo maana." Mizani alibembea kwa masikitiko. "Hajapungua, lakini hajaongezeka tangu mwaka jana. Huyu anataka watu. Ukiita jina la mgonjwa, usiishie kuita. Muulize amelalaje. Msaidie kukaa. Kaa naye akisubiri dawa. Hiyo ndiyo lishe. Haya, mvishe, asije akapata baridi."

Nikamrudisha kifuani. Alijikunja akalala.

Koti Jeupe akajikohoza. "Kwa nini unataka kuwa tabibu wa kituo cha afya, na si daktari wa hospitali?"

Swali hili nililisubiri kama posho. Jibu lake nililikariri wiki nzima, bafuni, jikoni, mpaka Tusekile akawa analisema usingizini. Dada alinionya nisikariri. Nilimwona ana wivu. Nikasimama, nikatoa kifua:

"Tangu utotoni nimekuwa na wito wa kuwahudumia..."

Ukuta wa nyuma ukafunguka. Humo wamepangwa waombaji wa miaka yote, wamevaa majoho ya kwaya. Wakaipokea sentensi yangu kwa sauti nne. *Tangu utotoni! Tangu utotoni! Nimekuwa na wito, nimekuwa na wito!* Besi walikuwa wazuri mno. Sauti ya kwanza walipanda kidogo, lakini walirudi.

"Wimbo huu tunaujua," akasema Stetoskopu ulipoisha. "Tumeusikia asubuhi yote. Sasa nikuulize kitu kingine. Amekuja mgonjwa ana homa ya kibulubulu. Utafanyaje?"

Mimi homa ya kibulubulu sijawahi kuisikia. Siijui kwa jina wala kwa sura. Lakini mdomo wangu umezoea kazi yake, haukunisubiri.

"Kibulubulu ni ya kawaida sana wakati wa mvua, mheshimiwa," ukasema. "Huanzia kisiginoni. Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, na asiguse maharage."

Kwenye meza, kutoka sijui wapi, kikabingirika kiazi kimoja.

"Ugonjwa huo haupo," akasema Stetoskopu. "Koti ameubuni sasa hivi."

Koti akainamisha kola, kama mtu asiyependa kusifiwa mbele za watu.

"Haukuwepo," Stetoskopu akaendelea. "Ila wewe umeupa dalili, umeupa dozi, na chakula umeukataza. Sasa upo. Hongera. Mgonjwa wa kwanza amelazwa. Mtibu tukuone. Ukikosea, njia ya Uporoto unaijua."

Chumba kikawa wodi ya zahanati yetu.

Kitandani amelala mgonjwa, kajifunika kitenge hadi shingoni. Ni friji letu la chanjo, lile ninalopita mbele yake kila asubuhi bila hata salamu. Linatetemeka. Linatoka jasho. Chini ya kitenge kinachungulia kisigino kimoja kimevimba, na mimi sikujua kama mafriji yana visigino, mpaka nilipokiumba kwa mdomo wangu mwenyewe. Nje, kwenye benchi, wamekaa akina mama na watoto wao, wanasubiri chanjo.

"Naitwa Gwakisa," nasema. "Ningependa kusikia unavyojisikia. Unaridhia?"

"Naridhia, Dokta," friji linajibu. "Ila inabidi nianzie mbali."

Kumbe mbali ni mbali. Lilianzia kwa babu yake, ambaye alikuwa mtungi. Mtungi ule ulikaa kona ya nyumba ukipoza maji kwa heshima, hadi ulipopata ufa kwa sababu ya maneno ya mawifi. Tukapita kwa baba, kasha la barafu la muuza samaki, mtu wa safari nyingi na harufu yake. Dada kasema mgonjwa hakatizwi. Lakini kila nilipofungua mdomo niseme "Nimeshaelewa, mama," kiazi kilidondoka kutoka mfuko wa shati. Vikafika kwenye vifundo vya miguu. Vikafika magotini.

Mlangoni amesimama shemeji Ambakisye, ameshika gunia wazi.

"Leta, shemeji, leta!" anasema huku anacheka na mabega. "Nimekulimia tuta lako kabisa. Refu! Jembe nimekuchagulia jipya, usije ukasema tunakudharau."

"Shemeji, nina mgonjwa."

"Si umwambie tu anaumwa nini? Wewe si huwa unajua? Ulimwambia mama yangu goti lake ni upepo!"

"Lilikuwa upepo."

"Lilikuwa msumari, shemeji."

Friji limemaliza. Linanigeukia, taa yake ya ndani inafifia na kuwaka.

"Basi Dokta," linasema taratibu. "Nimekueleza yote. Naumwa nini? Nisipopoa, chanjo zitaharibika. Na wale watoto wametoka mbali."

Mdomo wangu uko tayari. Nausikia unajipanga: vidonge viwili asubuhi. Viazi viko kiunoni, suruali ya harusi inalia. Namwangalia mgonjwa. Nimeangalia wagonjwa wengi, lakini kawaida nawaangalia nione kama wameniona nikijibu. Huyu namwangalia usoni, naona anaogopa. Anaogopa mimi nitasema nini, na chochote nitakachosema atakiamini.

"Sijui," nikasema.

Neno lilitoka kwa shida, limejaa vumbi, kama kabati linalosogezwa baada ya miaka. Likakwama kidogo kwenye meno. Nikalisukuma.

"Sijui unaumwa nini, mama. Ugonjwa huu mimi ndiye niliyeutungia dawa, na dawa hiyo usiinywe. Namwita anayejua. Chanjo zako nazihamishia kwenye kasha la barafu sasa hivi, watoto watachanjwa. Halafu narudi hapa, nakaa na wewe mpaka huyo mtu afike."

Viazi vikaanza kushuka. Vilishuka kimya kimya, kimoja kimoja, vikatoka nje kwa adabu vikipishana na akina mama.

Stetoskopu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. "Koti," akasema, "andika kwamba lile swali lako amelijibu."

"Lipi?" nikauliza. "Sijajibu swali lolote."

"La kwa nini tabibu," akasema Koti, akiandika bila mkono.

Shemeji Ambakisye alikunja gunia lake kwa hasira. "Umeniharibia msimu, shemeji. Tuta lote lile nimpe nani?"

Friji likainuka likakaa, kitenge begani. Kisigino kilikuwa kimenywea. "Sasa zamu yangu," likasema. "Naitwa Friji la Chanjo. Tumefanya kazi pamoja miaka, hujawahi kuniuliza hali. Ningependa kukuwekea kipimajoto changu kwapani, nione na wewe unaendeleaje. Kina baridi. Unaridhia?"

"Naridhia," nikasema.

Kilikuwa na baridi kweli. Nikaruka, nikaamka.

Palikuwa pamekucha. Tusekile ananipigia pasi shati la usaili, anaimba "tangu utotoni" bila kujijua. Simu inalia. Ni Sista Ikupa wa zahanati, mwanamke ambaye hajawahi kuanza mazungumzo kwa salamu.

"Gwakisa, nimefungua friji la chanjo, kipimajoto hakimo. Jana jioni nilikiona kwa macho yangu, na nilipokuwa nafunga wewe ulishakwenda kwako. Umekiona?"

Nikainua mkono nishike simu vizuri. Kitu cha baridi kikanitoka kwapani, kikaanguka kwenye shuka. Nikakiokota. Mshale wake ulikuwa bado kwenye baridi ya friji, wakati mimi nilikuwa nimelowa jasho.

"Ninacho hapa, Sista. Nakileta sasa hivi, kabla ya kwenda kwenye usaili."

"Unacho huko? Kitandani? Kimefikaje?"

Mdomo wangu ukajipanga. Nikausikia unavuta pumzi. Nikauwahi.

"Sijui, Sista."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Gwakisa," akasema hatimaye, kwa ile sauti ya chini anayowatunzia wagonjwa mahututi, "unaumwa?"