Gitaa Lenye Tarehe ya Mwisho

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na manyunyu yalikuwa yakianguka bila haraka. Mfamasia alifungua stoo ya nyumbani kwake kutafuta mwavuli, akagundua kwamba mtu ameingia kabla yake.

Hakuna kilichoibwa. Rafuni vilikaa viporo vyake vyote: sweta lisilo na mikono, saa ya ukutani iliyofumuliwa, na gitaa alilokuwa akimtengenezea binti yake tangu binti ana miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa na kumi na tisa. Kila kiporo kilikuwa na lebo, kama chupa za dawa dukani kwake: "Kimefunguliwa", na tarehe. Mazoea yana taabu. Lakini lebo ya gitaa ilikuwa na mstari wa pili, ambao hakuuandika yeye: "Mwisho wa matumizi: Jumapili, saa 4 asubuhi."

Mfamasia alijua maana yake. Dawa iliyopita tarehe haijadiliwi; inatupwa. Mtu alikuwa amelihukumu gitaa lake, tena kwa sheria yake mwenyewe.

Gitaa lilibakiza kazi ndogo: kugundisha kipande cha mbao cha kushikilia nyuzi, kusubiri saa kumi na nane gundi ikauke, kisha kufunga nyuzi. Kazi hiyo ndogo ilikuwa na umri wa miaka miwili. Gitaa lisilo na nyuzi haliwezi kutoa sauti mbaya.

Alibandua lebo, akaenda sebuleni kumhoji shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza rangi ambaye alikuwa ameiomba stoo hiyo mara tatu aweke madebe yake.

"Andika hapa 'Jumapili'."

"Daktari, leo kuna imla? Nikikosa utanichapa?"

"Andika, shemeji."

Shemeji aliandika, herufi zikaenda mrama. "Na hiyo stoo yako siitaki tena," alisema. "Makaburi yamezidi."

Sizitaki mbichi hizi, aliwaza mfamasia, akaikunja karatasi kama ushahidi.

Mkewe, mwalimu, alikuwa mezani akisahihisha madaftari.

"Nani ameingia stoo?"

"Nina madaftari arobaini na mawili hapa, baba watoto. Nawe unataka kuwa la arobaini na tatu?"

"Jibu swali."

"Ningekuwa wewe, nisingeuliza nani. Ningeuliza kwa nini saa nne."

Kumbe anajua! Kikulacho ki nguoni mwako. Mfamasia alikusanya orodha za sokoni, barua na risiti, akaketi na kioo cha kukuzia kulinganisha mwandiko. Mara mbili aliruka sanduku la binti yake, lililokuwa limefunguliwa ukumbini, nusu limejaa nguo za kwenda nazo chuoni.

Saa kumi na mbili binti alitoka chumbani.

"Baba, unatafuta nini tangu mchana?"

"Mtu aliyeandika hii."

"Si mimi."

Alisema hivyo huku akicheka, kisha akaacha kucheka. "Ni mimi, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika lebo dukani. Basi langu linaondoka kesho saa nne. Nilidhani ukiona tarehe utashtuka, umalize."

"Nimeshtuka."

"Umeshtuka, ukaanza upelelezi." Alitazama makaratasi yaliyotapakaa mezani. "Na huu nao hukuumaliza. Nimekumalizia mimi."

Mfamasia alipiga hesabu. Angegundisha saa tisa, gundi ingekauka kesho saa tatu, na saa nzima ingebaki ya kufunga nyuzi. Sasa ingekauka saa sita mchana, basi likiwa mbali.

"Nitakuletea wakati wa likizo," alisema.

"Baba, tafadhali. Usinipe tarehe nyingine."

Mfamasia alikwenda kutafuta gundi.

Jioni ile aligundisha kile kipande, akakikaza kwa vibano vinne, na asubuhi akalitoa gitaa likiwa bado limebanwa. Shemeji alibeba sanduku mpaka kituoni, akilalamika njia nzima. Mwalimu alimaliza madaftari yake. Binti alisafiri na gitaa mapajani, nyuzi zikiwa mkobani, na Jumatatu akazifunga mwenyewe. Kisha alipiga simu kusema kwamba uzi mmoja unakoroma. Mfamasia alimwomba aupige tena, akasikiliza.