Mtunzaji wa Programu ya Foleni

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, mwenyekiti alipanda ngazi za duka la fotokopi akiwa ameuma funguo za chumba cha juu, maana mkono mmoja ulishika projekta na mwingine waya wa kurefushia umeme. Alifungua dirisha, akapanga viti vya plastiki nusu duara, akavipanga upya kwa sababu kimoja kina mguu mbovu na lazima kiegemee ukuta. Kisha akachukua kitambaa akafuta kiti cha mtunzaji. Kilikuwa na udongo mwekundu wa makaburini, na usipoufuta mapema unagandia kwenye plastiki.

Chama chao kilikuwa cha watumiaji wa programu huria, zile programu ambazo unazichukua bure, unazifungua uone zilivyoundwa ndani, unazirekebisha utakavyo na kumpa mwenzako. Ni wazo zuri, na wanachama walilipenda sana. Walilipenda hasa pale kwenye bure. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa kompyuta wa sekondari. Alikuwapo fundi simu mwenye kibanda chini ya ngazi zilezile, alikuwapo mhasibu wa kampuni ya bima, mwanamke mchangamfu aliyekaa siku zote karibu na feni, na walikuwapo wengine waliokuja, wakatumia intaneti, wakaenda zao. Na alikuwapo mtunzaji.

Mtunzaji ndiye aliyeandika programu ya foleni. Ukiingia zahanati, au posta, au ofisi ya maji, ukapewa kikaratasi chenye namba na kuambiwa ukae kwenye benchi mpaka skrini ikuite, hiyo ni kazi ya mikono yake. Mji mzima ulikaa kwenye mabenchi kwa hisani yake na hakuna aliyemfahamu, isipokuwa programu ikiharibika. Hapo wote walimfahamu, na anwani yake walikuwa nayo.

Chama kilikuwa na kanuni nyingi za kupamba ukuta na moja tu iliyofuatwa kwelikweli. Aliyeitunga ni mtunzaji mwenyewe, enzi hizo bado ana nywele. Programu haiachwi yatima. Anayetaka kupumzika aseme kikaoni, na mwingine aseme mbele ya wote, "Nimepokea." Neno hilo lisiposemwa, kazi ni yako bado. Siku ile walimpigia makofi. Miaka ya mwisho ya uhai wake alisema karibu kila kikao kwamba amechoka, anatafuta wa kupokea. Walimwambia pole. Mhasibu alisema ataangalia wikendi.

Kisha kifua kikaanza kumbana. Alikwenda zahanati, akachukua namba, akakaa. Alipoitazama skrini akaona inaruka namba, inamwita wa nyuma kabla ya wa mbele. Mtu mwingine angenung'unika tu na jirani yake. Yeye aliinuka, akamwomba dada wa mapokezi ampishe kidogo, akaingia chini ya meza na laptopu yake. Skrini ilipotengemaa, namba ya kwanza kuitwa sawasawa ilikuwa ya kwake, na yeye alikuwa bado chini ya meza anahakikisha. Iliitwa, ikaitwa tena, ikapita. Walipoinama kumtazama alikuwa ameshakata roho. Foleni ya siku hiyo ilikwenda vizuri sana.

Alizikwa Jumatano, Jumamosi akaja kikaoni. Alisalimia, akaomba kukaa karibu na soketi, akakung'uta viatu mlangoni ingawa haikusaidia. Mwenyekiti alimwambia, "Pole na yaliyokufika, mzee." Mtunzaji akashukuru. Kisha wakaendelea na ajenda.

Hakuna aliyeona ajabu. Neno halikusemwa, kwa hiyo kazi ilikuwa ni yake bado. Kilicholalamikiwa ni udongo kuingia kwenye vitufe vya laptopu, na aliyelalamika ni fundi simu, kwa kuwa ndiye aliyetakiwa kuutoa kwa brashi. Mhasibu aliona hata faida. Marehemu haumwi, hana likizo, haitwi harusini. Zamani hitilafu ilikaa wiki nzima kabla ya kushughulikiwa, na sasa unairipoti asubuhi, mchana imekwisha. Katika uchaguzi wa mwaka walimpa tena nafasi yake bila kupinga hata mmoja.

Aliyeona taabu ni mke wake. Alikuwa fundi cherehani, anashonea sebuleni, na meza ya mumewe ilikuwa palepale ubavuni mwa cherehani yake. Kila malalamiko yalipotumwa, yule mume aliyasikia huko chini mithili ya mlango unaogongwa, naye siku zote hakuwa mtu wa kuacha mlango ugongwe. Alitoka, akaja kwa miguu, akaketi, akaandika, akarudi kulala. Hajajinyoosha vizuri, wakagonga tena. Kuna siku aliingia na kutoka mpaka mke akaacha kufagia.

Mwanamke yule alikuwa na huzuni yake na hakupata pa kuiweka. Wageni waliokuja kumpa pole walimkuta marehemu mezani, wakabaki wameshika vikombe, hawajui waseme nini. Siku moja alivaa nguo zake za msiba. Mume akainua macho, akamuuliza, "Nani kafa?"

"Wewe."

"Ah, kweli," alisema, akarudi kwenye skrini yake. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ndogo, "Mama watoto, nimechoka. Yaani nimechoka mpaka basi. Natamani kulala moja kwa moja."

Mke hakulala usingizi mzuri tangu siku hiyo. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu ujana wao, alimwona mgonjwa, alimwona amefukuzwa kazi, alimwona analia kwa ajili ya mama yake, lakini hakuwahi kumwona akiomba kitu. Ndipo Jumamosi hii akafunika cherehani, akapaka miguu mafuta, akaandamana naye kikaoni.

Walipoingia, mwenyekiti alisema, "Karibu, shemeji," akamtafutia kiti. Kilichobaki kilikuwa kile cha mguu mbovu. Aliegemea ukuta, akasubiri. Walizungumzia kwanza projekta inayotoa rangi ya kijani peke yake, kisha nani atanunua kebo mpya, kisha kama chama kibadilishe nembo. Nembo ilichukua muda mrefu. Mtunzaji alikuwa anaandika muda wote huo bila kuinua kichwa, na kucha zake zilikuwa na udongo.

"Kuna mengineyo?" mwenyekiti akauliza.

Mjane akasimama. "Shemeji zangu, mimi mambo yenu siyajui na sikuja kumlaumu mtu. Nimekuja kuomba. Mtu huyu anataka kulala. Alifanya kazi yenu akiwa mzima, anaifanya akiwa marehemu, na hamjampa hata nafasi ya kuoza kwa amani. Naomba mmoja wenu, mmoja tu, aseme lile neno."

Feni ilizunguka. Waliinamisha vichwa, na kwa kweli waliona aibu. Hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Mhasibu alikuwa ametokwa na machozi.

"Shemeji, umesema kitu cha maana sana," alisema mwenyekiti. "Sote tunamthamini mzee. Ningekuwa na nafasi ningepokea mimi, lakini nina mitihani ya kusahihisha, na ikiisha hiyo inakuja mingine."

"Mimi ni mtu wa bisibisi," alisema fundi simu. "Simu ikifa naifungua. Hiyo ya kuandika maandishi ndani ya kompyuta, mtanionea."

"Mwisho wa mwezi sipumui," alisema mhasibu, akijifuta macho. "Lakini nitaangalia wikendi."

"Leo ni Jumamosi," alisema mjane.

"Wikendi ijayo, dada yangu."

Mtu mmoja wa nyuma alipendekeza wamtengenezee mtunzaji cheti cha shukrani. Wengi waliunga mkono, na mjadala ukaanza kama cheti kiwe na nembo ya zamani au mpya. Mtunzaji aliacha kuandika. Alimtazama mkewe kwa yale macho yake yaliyoingia ndani, akainua mabega kidogo, kama alivyofanya walipokosa basi la kurudi nyumbani enzi za uchumba. Alikuwa anamwambia waondoke. Na hapo mkewe akahisi hasira na huruma vimemjia pamoja, asijue kipi ni kipi.

"Hiyo kanuni yenu," alisema, "inataka anayepokea awe anajua?"

Mwenyekiti alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu. "Hapana. Inataka aseme tu."

"Mama watoto," alisema mtunzaji. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Wewe hata kuiwasha hujui."

"Nikipokea, utalala?"

Alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa amechoka kuliko alivyokuwa mzuri. "Nitalala," alisema.

"Basi nimepokea."

Makofi yakapigwa, ya kweli, ya watu walioondolewa mzigo. Mhasibu alikwenda akamkumbatia. Mwenyekiti alisema hii ndiyo roho yenyewe ya programu huria, kwamba yeyote anaweza kushiriki, hata kama ni fundi cherehani. Mtunzaji akasogea, akaweka mdomo karibu na sikio la mkewe, akampa neno la siri la kufungulia programu. Mdomo wake ulikuwa wa baridi. Neno lenyewe lilikuwa tarehe ya harusi yao, siku ambayo kila mwaka alidai ameisahau.

"Kumbe ulikuwa unajua," mke akasema.

"Kila siku niliiandika."

Aliisukuma laptopu mbele yake. Akasimama, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtu anayekwenda kulala. Aliwaaga waliokuwapo kwa mkono, akaanza kuelekea mlangoni.

Mkewe akashika mkoba wake. Alitaka kumsindikiza. Siku ya mazishi hakupata kumuaga, palikuwa na watu wengi na yeye alikuwa amezubaa, na tangu hapo hakuona haja, kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa anarudi kila siku. Sasa alikuwa na la kumwambia, halikuwa refu, angelimaliza kabla hawajafika kwenye geti la makaburi.

"Shemeji," alisema fundi simu, akiwa ameshika simu yake. "Kabla hujatoka. Nimetumiwa ujumbe na jamaa wa ofisi ya maji. Wanasema skrini imekwama kwenye namba moja tangu asubuhi, na watu wamejaa mpaka nje. Si ndiyo wewe sasa?"

Mjane alisikia mlango unagongwa. Aliutazama mlango wa chumba; ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Kugonga kulitoka pengine, chini kidogo ya mbavu zake.

"Si nimepokea sasa hivi tu," alisema.

"Watu wanasubiri, shemeji."

Alisimama pale na mkoba mkononi. Hatua za mumewe zilisikika kwenye ngazi, nzito, bila haraka, zikafika chini, zikatoka nje, zikachanganyika na za watu wa barabarani. Akagongwa tena. Akaketi kwenye kiti cha mtunzaji, ambacho kilikuwa karibu na soketi na hakikuwa na mguu mbovu.

Mwenyekiti alirudi kwenye suala la cheti, maana sasa kilibidi kibadilishwe jina. Mjane akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akapuliza udongo uliobaki kwenye vitufe, akauliza inawashwa wapi. Mhasibu alisema atamwonyesha wikendi.