Ushauri kwa Mjane wa Kizungu

Habari mdomoni mwa Wegesa ni kama maziwa motoni: ukigeuka kidogo tu, yameshamwagika. Dereva wa bodaboda aliyemchukua pale Nyamongo siku ile ya Jumamosi alishajua yote kabla hawajafika hata kwenye kalavati. Kwamba abiria wake ana diploma ya maendeleo ya jamii. Kwamba anajitolea halmashauri kule Mugumu, mshahara bado ila heshima ipo. Na kwamba kesho Jumapili, saa nne kamili, kijana anaitwa Ponsiano, bwana mifugo, mtu wa Bukoba, anakuja na mshenga wake nyumbani kwao.

"Hongera, dada," dereva akasema. "Kwa hiyo mama kakubali?"

Hapo Wegesa akanyamaza, na kwa Wegesa kunyamaza ni ugonjwa.

Maana mama hakuwa amekubali. Hakuwa amekataa pia. Mama Agness alikuwa mjane mwenye mabinti watatu na hana mtoto wa kiume hata wa dawa. Agness aliolewa Sirari, Beatrice akaolewa Musoma, akabaki Wegesa. Na kijiji kizima kilijua kwamba siku Wegesa akitoka, mama anabaki peke yake na mji ule, na baba mdogo Wangwe, mdogo wa marehemu, atauchukua kwa jina la ukoo. Tena alishaanza. Kila akija kusalimia, anapita kwanza shambani, mikono nyuma, anahesabu hatua. Kwa hiyo kila Wegesa alipotaja Ponsiano, mama alijibu, "Tutaona mvua ikikatika." Mvua za miaka miwili zilikuwa zimekatika.

Lakini Wegesa alikuja na dawa. Alikuja na laptop, na flash aliyojaziwa muvi pale stendi ya Mugumu. Kwa utaalamu wake, tatizo la mama ni moja tu: hajawahi kuona mapenzi yanavyoendeshwa. Akiona muvi moja nzuri, moyo utalainika kama ugali wa moto, na kesho Ponsiano atapokelewa kwa vigelegele.

Mchana mvua ikashuka. Wegesa akaweka laptop juu ya stuli, akamketisha mama mbele yake. Mama akakubali, ila na ungo wake wa ulezi mapajani, kwa sababu macho yakikaa bure mikono haipaswi kuiga.

Muvi ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha na mapenzi, ile aina Wegesa anayoweza kuitazama mara sita na kulia mara saba. Msichana ana duka, ana mchumba mwanasheria, halafu anakutana na kaka mmoja mwenye nywele zisizochanwa.

"Duka la nini?" mama akauliza.

"La maua."

"Maua ya kula?"

"Ya kuangalia, mama."

"Na watu wananunua." Mama akapeta ulezi. "Haya."

Yule kaka akammwagia msichana kahawa kwenye blauzi nyeupe. Wakatukanana katikati ya barabara, magari yakipiga honi.

"Sasa hao ndio watapendana," Wegesa akasema, mabega juu kwa raha.

"Kwa kutukanana hivyo?"

"Ndiyo inavyoanzaga!"

"Basi mimi na Wangwe tungekuwa na wajukuu sasa hivi."

Wegesa akavumilia. Alijua mwisho unakuja, na mwisho haujawahi kumwangusha. Siku ya harusi, kanisa limejaa, msichana anagundua moyo wake uko kwa mwenye nywele zisizochanwa, ambaye yuko uwanja wa ndege anaondoka. Anavua viatu. Anakimbia kwenye mvua na shela lake, anapita madaraja, anapita polisi. Wegesa akaanza kufuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Simu hana?" mama akauliza.

"Anayo, mama."

"Salio limeisha?"

"Mama! Ni mapenzi! Jambo kama hilo halisemwi kwa simu!"

"Haya. Na yule wa kanisani?"

"Yupi?"

"Yule kijana wa suti, aliyesimama na ua kifuani. Mama yake nimemwona, amekaa mbele na kofia. Wamealika watu, wamepika. Amekosa nini?"

Wegesa akafikiria. Mara zote sita alizoitazama muvi ile hajawahi kumkumbuka yule wa suti. "Hajakosa kitu. Ila siye."

"Ng'ombe wake wamerudishwa?"

"Wazungu hawatoi ng'ombe, mama."

"Ndiyo maana wanakimbiakimbia," mama akasema, na akageukia ulezi wake kama mtu aliyemaliza kesi.

Jamani. Wegesa alitaka kuzima na kwenda kulala. Lakini mvua bado, na kesho ni kesho. Akatafuta kwenye flash, akaona moja aliyopewa na mwenzake wa chuo: tamthilia ya Waingereza wa zamani, magauni marefu na magari ya farasi. Yeye mwenyewe hazipendi hizo. Dakika ya ishirini huwa anakoroma. Mwanaume akitaka kusema nakupenda anazungumzia hali ya hewa mpaka unatamani umsaidie. Mtu anaugua kwa kunyeshewa mara moja tu! Barua moja inasomwa sebuleni, inasomwa tena kwenye kilima, halafu inachomwa moto na hakuna aliyefaidika. Na chai. Chai, chai, chai, hata kiazi cha kusindikizia hakuna. Wegesa aliiweka kwa hasira tu.

Mama akasogeza kigoda mbele.

"Hapo sasa. Hawa watu wana adabu."

Akapenda walivyosalimiana kwa kufuata umri. Akapenda mgeni akifika anaulizwa kwanza ni wa ukoo gani, ndipo anapewa kiti. Ngoma yao aliisifia kwa mipaka: wanaume mstari wao, wanawake mstari wao, safi kabisa, ila magotini hawana nguvu, angewaletea mpiga zeze la ritungu mmoja tu waone. Alichokosoa ni kimoja.

"Hawalimi?"

"Hawalimi, mama."

"Hawachungi?"

"Wanatembea tu."

"Nani anapika?"

"Kuna wapishi, wanakaa huko chini ya nyumba."

"Si watuonyeshe hao! Hao ndio wana habari."

Basi wakaendelea vizuri, mpaka baba mwenye nyumba akafa. Akaacha mjane na mabinti watatu. Siku ya tatu tu akaja mtoto wa kaka yake, kijana mwenye soksi nyeupe ndefu mpaka magotini, akawa anapita vyumbani mikono nyuma, anagusa mapazia. Halafu mzee wa miwani akafungua karatasi, akasoma.

Ungo wa mama ukasimama.

"Rudisha hapo. Huyo wa miwani anasemaje?"

Wegesa akarudisha, akatafsiri haraka kama kawaida yake, mdomo mbele, akili nyuma. "Anasema nyumba na mashamba ni ya mwanaume wa ukoo. Mjane hakuzaa mtoto wa kiume. Kwa hiyo ni ya huyu mwenye soksi, na mjane..." Hapo akili ikamfikia. Sauti ikapungua. "Na mjane atafute pa kwenda."

Mvua ikagonga bati. Kwenye laptop mjane alikuwa analia ndani ya kitambaa kidogo chenye maua pembeni. Mama Agness alimtazama anavyolia, muda mrefu, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeshindwa swali rahisi.

"Mjinga huyu," akasema.

"Mama, amefiwa!"

"Na mimi nimefiwa. Kwa nini haoi?"

"Nani?"

"Huyo mjane! Farasi anao. Nyumba ina vyumba kama hospitali ya wilaya. Si aoe msichana mmoja mwenye afya, amweke kwenye chumba kile cha pazia jekundu, azae? Mtoto ni wa nyumba yake. Soksi anarudi kwao na soksi zake. Muvi imeisha, watu wakalime."

Wegesa akacheka mpaka akashika ukuta. Nyumba ntobhu! Mama anawashauri Waingereza nyumba ntobhu! Alikijua kitu hicho tangu utoto: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mke, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na wanairithi. Chuoni aliandika hata kazi juu yake, akaiita mila inayofifia, akapata B. Akacheka tena. Halafu akaona anacheka peke yake.

"Nimewaza muda mrefu," mama akasema polepole. "Sikuwa na cha kuolea. Ng'ombe wa dada zako waliishia kwenye matibabu ya baba yako. Na nilimwogopa Wangwe, nisiseme uongo. Lakini kulia kwenye kitambaa hivi, mbele ya watu..." Akatikisa kichwa. "Huyo bwana mifugo wako. Ana ng'ombe kweli, au anajua kuchanja tu?"

"Anao, mama! Kwa kaka yake wapo!"

"Basi aje. Ng'ombe wataingia hapa kwangu, na kwa hao nitaoa."

Wegesa akaruka, akamkumbatia mama, ulezi ukamwagika nusu. Alipotaka kwenda kumpigia Ponsiano akamkuta mama mlangoni, amevaa mabuti ya mpira, mfuko mtupu wa sukari kichwani.

"Unaenda wapi na mvua hii?"

"Kwa kina Gati, ng'ambo ya mto."

"Si umpigie? Simu unayo!"

Mama akamtazama kama vile ndiye aliyekuwa hajaelewa muvi. "Jambo kama hilo halisemwi kwa simu," akasema, akatoka. Na Wegesa akabaki mlangoni anamtazama mwanamke wa miaka hamsini na tisa akikimbia kwenye tope kwenda kuposa.

Gati alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenye mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa anauza chapati kwa wachimbaji pale Nyamongo, na usiku analala kwa kaka yake, ambaye kila akilewa anamkumbusha kwamba chumba si chake.

Jumapili saa nne Ponsiano akafika, suti ya kijivu na viatu vyenye tope, na mshenga wake. Baba mdogo Wangwe akakaa kiti cha katikati bila kuambiwa.

"Mura, kijana wangu," akamwambia Ponsiano, "bwana mifugo anayekuja kuleta ng'ombe hatumkatai. Ila wakaguliwe na mwingine, wewe utajipitishia." Watu wakacheka. "Na watalala kwangu. Zizi la shemeji ni bovu."

"Zizi limetengenezwa leo alfajiri," mama akasema. "Watalala hapa. Ninaoa."

Ponsiano akamtazama Wegesa, Wegesa akatazama dari.

"Unaoa?" Wangwe akauliza.

"Mila si ndiyo hiyo, shemeji? Au imebadilishwa?"

Sasa Wangwe ni mtu ambaye hata kikao cha kisima anafungua kwa kusema "mila zetu". Leo mila ilikuwa imekaa katikati ya njia yake, imekunja mikono. Akawatazama wazee wawili aliokuja nao. Wazee walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Akaomba maji ya kunywa.

Mambo yakapangwa, vigelegele vikapigwa, na Wegesa akapata alichokitaka. Ila furaha yake ilikuwa na jiwe kiatuni. Yeye anaenda kwa mapenzi, na ng'ombe wa mapenzi hayohayo wanakwenda kumleta mtu ambaye hakuna aliyemuuliza habari za moyo. Yule wa suti kanisani, akawaza, ameshuka mpaka hapa kwetu.

Akaenda jikoni. Gati, aliyekuja kusaidia wageni, alikuwa anaosha sahani, mtoto amelala mgongoni.

"Gati, nisikilize. Mimi ni mtu wa maendeleo ya jamii. Usikubali kulazimishwa. Mwanamke ana haki ya kuchagua, ana haki ya kupendwa..."

"Ukimaliza nipe hiyo sufuria," Gati akasema.

"Nasema kweli!"

"Na mimi. Dada, tangu nizaliwe sijaulizwa ninataka nini. Jana mama yako kaniuliza. Nikampa masharti matatu, kakubali yote."

"Masharti gani?"

"Mtoto wangu huyu ahesabiwe wa kwanza. Wangwe asiingie hapa bila kupiga hodi. Na wa kuzaa naye nachagua mwenyewe, nikimchoka anapita." Akasugua sahani. "Wewe wako ulimchagua?"

"Ndiyo! Mwenyewe!"

"Na mwakani utamchagua tena?"

Wegesa, mwenye diploma, akampa sufuria.

"Halafu," Gati akasema, sasa sauti imeshuka, anatabasamu kwenye maji ya sabuni, "alikuja amelowa, dada, anatiririka mpaka kwenye mabuti. Mimi sijaona mtu akilowa kwa ajili yangu."

Mama akaingia na trei ya vikombe. Akawatazama wote wawili, akamfunika mtoto mguu uliotoka nje ya kanga.

"Wegesa, kesho ukirudi Mugumu, laptop niachie wiki moja."

"Ya nini, mama?"

"Gati hajamwona Soksi."